Jogoo wa Mnada wa Boga

Bunia, Jumapili kisha ibada

Mujukuu wangu Neema,

Nakusalimu. Siye wa hapa Shari tuko wazima, na mama yako amepanda maharagi nyuma ya nyumba. Swali lako nililiwaza hata kanisani: kwa nini ule mnada wa kwenye simu ulikukatalia kuongeza dola moja, ukataka tano?

Nilipokuwa msichana huko Boga, kanisa liliuza kwa mnada jogoo tuliyemtoa sadaka ya mavuno, nami nilimshika mbele ya watu. Kila mara mfanyabiashara mmoja alipotaja bei, kijana fulani alipandisha faranga moja tu. Watu walicheka. Mwishoni shemasi akasema, "Weye, tutalala hapa! Bei iko juu sasa. Kila mutu aongeze kumi." Kijana akaacha kupandisha, jogoo akaenda kwa mfanyabiashara.

Basi kiasi cha kuongeza kinakua pamoja na bei, ili mnada ufike mwisho. Kisha nilimuuliza kijana kwa nini alipandisha kidogo vile.

"Sikutaka mnada uishe," akasema. "Jogoo akiuzwa, weye utaondoka."

Ndiye tate yako, mume wangu. Tangu tumzike, ninamwelewa zaidi.

Unikumbuke unapoomba.

Koko wako