Asali ya Mgeni

Shule ya Misheni, Dodoma
Julai 1913

Kaka yangu Yotham,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute huko Tabora ukiwa mzima, na moshi wa karakana ya reli usiwe umekuzidishia kikohozi. Mimi sijambo, Mama hajambo, mtama umevunwa, na Babu Matonya amerudi nyumbani. Nimelitanguliza hilo la Babu ili usome mengine kwa moyo uliotulia.

Ilikuwa hivi. Mwana wa mfalme wa nchi nyingine ya Ulaya, si Mdachi, alishuka hapa stesheni akienda kuwinda. Babu, kwa kuwa ni mtemi, aliitwa aje kumpokea. Mimi nikachaguliwa kumpa kibuyu cha asali. Loisi, mwenzangu wa darasani, alicheka, akasema wamemtuma bubu kwenda kusalimia wafalme. Mwalimu Nikodemo alinifundisha wiki nzima nisimame wima, nisipige magoti kabisa, kwani magoti ni ya Mungu peke yake.

Siku ilipofika nilipiga magoti. Mgeni akainama ili akifikie kibuyu, na papo hapo bastola ikalia. Risasi ikapita juu ya mgongo wake, ikavunja saa ya stesheni. Kibuyu kikapasuka, nyuki wakaja kuwasumbua askari waliokuwa wakimkaba mpigaji. Alikuwa karani wa mgeni mwenyewe, mtu wa nchi yake.

Hata hivyo Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa boma, alisema magoti yangu yalikuwa ishara ya kumwambia karani apige, na aliyenifundisha ni Babu. Wakamfungia bomani bila hata ugoro wake, na askari wakawa wananong'ona habari za kamba ya kunyongea. Nikaitwa. Kaka, unanijua, hata kanisani sauti yangu huishia kooni. Lakini nilimfikiria Babu, nikasema kwetu mtoto hampi mkubwa kitu akiwa amesimama. Maneno yangu yalipotafsiriwa, mgeni akasema kama ningetaka afe ningesimama wima, naye asingeinama. Akaomba Babu afunguliwe siku hiyohiyo.

Sasa serikali mbili zinapelekeana simu za maandishi. Ile ya mgeni inalalamika kwamba Wadachi hawakumlinda. Wadachi wanajibu kwamba mpigaji alikuja pamoja na mizigo ya mgeni mwenyewe, na wanauliza saa ya stesheni atailipa nani. Babu hakuna aliyemwandikia, ila mgeni alimpelekea blanketi jekundu, akisema amezunguka nchi nyingi na hajapata kuheshimiwa namna ile.

Hapo ndipo penye neno ninalokuandikia wewe peke yako. Sikumpigia magoti yeye. Babu alikuwa amesimama nyuma yake, na nilipoinua macho nikamwona, magoti yalikunjika yenyewe. Nilichosema bomani ni kweli. Sikusema tu mkubwa ni yupi, wala sitasema.

Nilidhani ninajua peke yangu. Jana nilimpelekea Babu uji, nikamkuta amejifunika lile blanketi. Alicheka mpaka akatokwa machozi, akaniambia salamu yangu ilimfika siku ileile, ila asali yake bado anaingoja.

Mama anakusalimu sana, na Loisi pia, ambaye siku hizi haniiti bubu. Nisalimie wenzako wote wa karakana.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Zipora