Kiti cha Simone Kinaniserereza

Mama Kabedi, pole na kazi. Mi ni tata Kalenga wa Musonoi, zamani fundi wa mashini ku mine, na leo naomba unisaidie juu ya kiti ya bwato, ni kusema mutumbwi, hata kama batu batacheka.

Bibi yangu Simone alikufa mwaka jana. Alizaliwa pembeni ya Lualaba, njo akaolewa huku ku vumbi, na kila Jumapili, siku ya Mungu, kisha kutoka ku misa, tulikuwa tunaenda ku ziwa ya Nzilo, yeye anaingia mu bwato yake ya mutu moja, anapiga magoti, mugongo wima, anapiga kafi na kuimba mu Kiluba, na mi ninabaki inje ninachoma samaki na kumuangalia mupaka anakuwa kadogo kule mbali. Kile kiti mi njo nilimufungia, nikakiinamisha mbele, juu mutu wa kupiga magoti anaegemea tu. Sasa mi nataka kuenda mu ile bwato, lakini magoti yangu iliisha ku kazi, ninakaa miguu mbele, na kiti inaniteremusha.

Juma iliyopita niliserereka, bwato ikalala ubavu, maji ikaingia, na binti yetu Gloire akajitosa na nguo yake ya misa akanishika. Hakulia. Aliniambia tu: «Tata, nilishazika mama. Sitaki kukuzika juu ya kiti.» Anasema ninyooshe kiti ao niuzishe bwato. Ninashika ufunguo wa kufungulia kiti, ninaweka chini. Ninaona kama nikikinyoosha, namufukuza Simone mu bwato yake. Mama, nifanye nini?

*

Tata Kalenga, pole sana. Hakuna wa kukucheka hapa. Lakini acha nikugombeze kidogo.

Ulikiinamisha kiti kwa sababu ulimwangalia mke wako, ukaona mwili wake unataka nini. Leo mwili wako unalia na wewe fundi unaunyima. Simone angekuona unaserereka vile, asingekusifu hata kidogo.

Basi shika ufunguo. Usiinue upande wa mbele, maana utakaa juu na bwato litayumba. Teremsha upande wa nyuma: vile vipande vya mbao vinavyoning'iniza kiti, vya nyuma ukate vipya, virefu sawa na vya mbele, na utie buloni ndefu za kuvikaza. Kiti kikilala sawa, jaribu kwanza penye maji yanayofika magotini, ukiwa umevaa jile, lile koti la kuelea. Bwato usiuze.

Na neno lingine, tata. Umeniandikia sana juu ya bibi yako. Gloire amefiwa na mama yake, na juu ya huzuni yake hukuniandikia hata neno moja. Umuite akushikie ubao ukifunga buloni. Umuulize yeye anamkumbuka Simone namna gani. Halafu unyamaze, umsikilize mpaka amalize.