Glasi ya Claudette Nilikunywa Minye

Mpendwa mshauri wa redio Mama Libérate, naomba msaada, lakini kwanza ujue nani iko anakuandikia. Minye ni Léopold wa Kavimvira, fotografe, kalasi sikusoma sana lakini Uvira yote wanajua mukono wangu, na lenzi zangu ni zile za zamani za chuma, za kuzungusha na mukono mpaka picha iwe safi, nabeba zote sita mu mufuko mumoja, nimezifunga mu kitenge cha bibi yangu wa ndoa Sidonie, nzito kama mawe, vijana wanacheka lakini muntu anayejua kazi hangoje mashini imuonyeshe, na mwaka huu mutoto wangu alinitumia kamera mpya, ile haina kioo ndani, nikatafuta pete ya kuunganishia, lenzi zikaingia sawasawa.

Basi siku ya mahari ya Claudette na Kwizera, weye unajua desturi, bibi-arusi anatoka na glasi ya mutobe wa ndizi, anamutafuta wake kati ya vijana, anapiga magoti anamupa, kijana akikunywa ndiyo batu wameshuhudia. Claudette akamupa Kwizera, nikazungusha, foto ikatoka na ukungu. Nikamukataza Kwizera asikunywe, binti arudie. Nikabadilisha lenzi, kifuniko kikaanguka, wazee wote wakainama kukitafuta chini ya viti. Mara ya pili jua lilikuwa baya. Mara ya tatu yule binti akaniijia minye, akapiga magoti.

"Kunywa weye basi, Babu, pengine utaona."

Na minye kiu ilikuwa imenishika, nikakunywa. Yote.

Batu walicheka, lakini Protais, baba mukubwa wa Claudette, hakucheka. Anasema aliyekunywa si bwana-arusi, ndoa haiendelee mpaka niende mbele ya familia zote mbili, nirudishe glasi, niseme sikuona vizuri. Kwizera amekonda. Claudette hatoki nyumbani. Sidonie ananiita bwana-arusi, nikiomba chakula anasema niende kwa bibi mudogo. Lakini mshauri, macho yangu ni mazima, muntu kama minye aseme namna gani hakuona? Uwaambie mu redio kosa ni la kamera.

*

Mzee Léopold, pole kwa njaa. Pole nyingine sina.

Weye mwenyewe umesema lenzi ziliingia sawasawa, sasa kamera imekosa nini? Ile kamera ina kitufe cha kukuza picha mbele ya jicho, na ukitaka inapaka rangi nyekundu pale picha inapokuwa safi. Hukukigusa, maana ungeonekana umesaidiwa. Wako wenzako hapa Uvira wanaotumia lenzi kama zako, nazo zinatoa foto nzuri kabisa, bila kusimamisha sherehe ya watu. Tena wanatoka na lenzi moja, wanasogea kwa miguu. Hizo sita zilikuwa za kuonyesha, si za kupigia.

Na glasi hakuna aliyekushikilia kinywa. Ungesema, "Hapana binti yangu, mupelekee mwenyewe." Ulimaliza. Sasa watoto wawili wanaopendana wamekaa kila mumoja kwao kwa ajili ya sifa zako.

Nenda kwa Protais kesho, muulize siku. Nunua mutobe kwa mkono wako. Mbele ya familia zote jaza glasi, mupe Claudette kwa mikono miwili, useme: "Sikuona vizuri." Habari za kamera usizianze. Kiisha uende kwa muganga wa macho, Sidonie akupeleke, maana peke yako hutafika.

Foto ya siku hiyo apige muntu mwingine. Na akikosea, weye usimuambie arudie.