Eti Rehema Anacheza Tu

Sundbyberg, Stockholm
Februari 1984

Mdogo wangu Salehe,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Goti vipi? Na wifi yangu, presha yake imeshuka? Sisi wazima, ila baridi ya huku inauma mpaka kwenye fizi. Salamu zimekwisha, sasa tugombane.

Anayeniandikia ni Rehema mwenyewe, mjukuu wako unayemsema. Miguu kaitia kwenye beseni la maji ya chumvi, karatasi kaiweka mapajani. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinilainishie neno.

Umeandika eti msichana mzima, miaka ishirini na tatu, bado "anacheza tu", baba yake amwachishe ili asome. Anacheza! Unadhani anaruka kamba uani? Kucheza dansi ndiyo kazi yake, Salehe. Kaajiriwa na jumba la maonyesho. Asubuhi anashikilia fimbo ndefu iliyopigiliwa ukutani, anakunja magoti mpaka jasho linadondoka. Jioni anasimama kwa ncha za vidole mbele ya watu waliokata tiketi. Tepe za viatu vyake nashona mimi, na ndani ya viatu hivyo huwa nakuta damu. Mchezo gani huo?

Na kusoma anasoma! Wachezaji wa huku wakikaribia arobaini huambiwa basi, kwa hiyo yeye na wenzake kadhaa wamejiandikisha chuo kikuu huku wakicheza. Rehema anasoma sheria. Kitabu anakisomea nyuma ya pazia, kavaa mabawa ya ndege, anangoja zamu yake. Mkuu wao wa dansi akamwona, akamwambia, "Mwenye kitabu ameshatuaga moyoni." Mjinga mmoja huyo. Yeye anataka aache kitabu, na wewe huko unataka aache kucheza. Mtoto akatwe vipande viwili ndipo mridhike?

Ningenyamaza, lakini mwanangu Abdallah unamjua, mjomba akikohoa yeye anatetemeka. Alipomaliza kuisoma barua yako pale mezani akamwambia binti yake, "Mjomba kasema. Mwisho wa mwezi uache kazi." Rehema akamjibu kwa Kiswidi, maneno mengi, halafu akaingia chumbani. Nilichoelewa ni mlango tu.

Nikamuuliza Abdallah, "Umewahi kumwona akicheza?"

"Mama, nitamtazamaje mwanangu na nguo zile?"

"Vaa koti."

Tukaenda. Nguo kweli fupi, sikufichi. Nilijifunika macho kwa mtandio, kisha nikafunua. Salehe, mtoto alisimama kwa mguu mmoja, shingo imenyooka, jicho haliyumbi, mpaka nikamkumbuka mwali akitolewa nje, mji mzima unamtazama na yeye hatikisiki. Nikamgeukia Abdallah palepale, watu wananinyamazisha, "shh, shh."

"Mimi nilisoma?"

"Hukusoma, Mama."

"Sikufunzwa?"

"Ulifunzwa."

"Wapi?"

Akaniinamia sikioni. Kisha polepole, "Ulichezwa."

Haya! Kwetu msichana akitoka unyagoni tunasema kachezwa. Asiye na adabu tunauliza, kwani huyu hakuchezwa? Ngoma ndiyo iliyonifunza kuvumilia, kuzaa, kuzika, na kukuchamba wewe. Lini kucheza na kufunzwa vikawa maadui? Mkeo naye kachezwa, na ndiye anayekuongoza mpaka leo.

Ndani ya treni Abdallah akasema, "Basi, haachi kazi. Lakini mjomba nitamwambia nini?" Nikamjibu, mjomba niachie mimi. Ndiyo hii.

Sasa wale uliowatangazia barazani kwamba mjukuu wetu anacheza tu, warudie mmoja mmoja. Waambie anachezwa, na ngoma yake ina chuo kikuu ndani.

Kalamu imesimama. Rehema ananitazama: "Bibi, kuchezwa ndiyo nini?" Miaka yote hii hakuna aliyempa neno hilo, hata mimi. Nimemwambia atoe miguu kwenye beseni, tuna maongezi.

Nisalimie wifi yangu Mwanakombo, mkeo mwenye akili. Nisalimie binamu yetu Hamisi, muuza mkaa. Na umsalimie sana Bi Tatu, somo yangu aliyenifunda. Kama masikio yamemwishia, mpigie kelele: kuna mwali huku Uswidi, kachelewa, lakini ameshakaa chini ananisikiliza.

Mimi dada yako niliyekubeba mgongoni,
Mwanaidi