Walimu Ishirini na Wanne na Barua ya Babu

Alhamisi, jioni. Ukungu umeshuka mpaka juu ya mabati, vidole vimekufa ganzi, na bado nina hasira.

Kwanza ieleweke jambo moja. Katika watu wote walioacha shule kidato cha pili hapa duniani, mimi ndiye mwenye akili kuliko wote. Sisemi Mbulu. Sisemi Manyara. Duniani. Leo walimu ishirini na wanne wenye vyeti vyao wamekaa kutwa nzima wakisoma kitu kilichotoka nyumbani kwetu, halafu mwezeshaji akasimama mbele akasema, "Tumshukuru Pasko." Nikapigiwa makofi. Na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Mwalimu Gwandu, ambaye nilipokuwa darasa la sita alinichapa fimbo nne kwa kuuliza maswali mengi.

Leo amekuja semina kufundishwa namna ya kuuliza maswali.

Mungu yupo.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi nina steshenari yangu karibu na soko. Kompyuta moja, mashine moja ya kopi, na projekta ambayo haimtii mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana tangu Jumanne nashinda kwenye kituo cha walimu, kwenye semina ya walimu wa historia wa shule za msingi. Wapo wa huku kwetu Mbulu, wapo waliotoka Hanang, kule Nangwa na Hirbadaw. Kazi yangu ni kutoa kopi na kuipigapiga projekta ikizima. Ila masikio hayana likizo, kwa hiyo na mimi nimesoma semina yote. Bure.

Mwezeshaji ni Madam Rehema. Ametoka Tabora, ana sauti ya taratibu, na baridi yetu inamtesa mpaka anafundisha na shuka la Kimasai mabegani. Somo lake ni fupi. Mwalimu asimwagie mtoto majibu. Ampe mtoto kitu chenyewe kilichotoka kwa mtu aliyekuwepo wakati ule, kama barua, picha, risiti au jembe la zamani. Kitu cha namna hiyo anakiita chanzo cha awali. Mtoto akishike, akiangalie, aulize. Na kila anayesema jambo, aulizwe: "Unajuaje?"

Unajuaje. Neno moja tu. Mtu wa darasa la pili analielewa.

Walimu wamelikataa siku tatu.

Jumanne asubuhi walitumia muda wa chai nzima kuchagua wenyeviti wa vikundi. Halafu makatibu. Halafu makatibu wasaidizi. Madam akawapa picha ya zamani ya watu wanavuna ngano, akasema andikeni maswali matano tu, msijibu chochote. Kikundi cha kwanza kikaja mbele na bango kitita, lile karatasi kubwa la semina, limepigiwa mistari kwa rula: malengo, zana, hitimisho. Maswali hakuna. Mwalimu Gwandu akanyoosha mkono.

"Madam, tumeiangalia picha vizuri sana. Sasa jibu lake ni lipi?"

"Hakuna jibu, Mwalimu. Tunaanza na maswali."

"Sawa, nimekuelewa. Lakini lile jibu utatupa leo au siku ya kufunga?"

Nilitoka nje nikacheka peke yangu kwenye manyunyu. Nilivyorudi wanapiga makofi ya mvua. Yanaanza kidole kimoja, viwili, vitatu, mpaka dhoruba. Watu wazima hao.

Mchana Madam akalalamika kwamba picha zake zote ni za mbali. Anataka kitu cha hapa, cha mtu wa kawaida wa hapa. Walimu wakaangalia chini kama watoto ambao hawajafanya kazi ya nyumbani. Mimi nilikuwa nakunja waya. Mdomo wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukasema, "Madam, nyumbani ipo barua ya babu. Aliiandika mwenyewe kwa penseli."

Ukumbi wote ukageuka. Nani aliyekuwa nyota? Mimi.

Sasa hiyo barua. Babu alikwenda kukata mkonge, baba yangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Aliugua huko, akafa huko, akazikwa huko. Kilichorudi ni barua moja, aliyoiandika kabla hajaugua. Mtu aliyeileta aliibeba mfukoni njia nzima kwenye mvua, ukingo wa chini ukalowa na kusuguliwa, mstari wa mwisho ukafutika. Katekista alimsomea Bibi mpaka hapo, akasema, "Mama, hapa hapasomeki." Bibi hajui kusoma. Ameitunza kwenye kopo la maziwa ya unga miaka yote hiyo, na ameisikiliza mara nyingi mpaka anaitamka kwa moyo: salamu za watu kumi na wawili, habari za ng'ombe, mtoto apelekwe shule. Kisha ananyamaza pale aliponyamaza katekista.

Nilidhani atakataa. Jioni hiyo nilimpa shikamoo, nikakaa, nikamweleza. Akasonga ugali mpaka ukaiva ndipo akaniangalia.

"Hao walimu wamesoma sana?"

"Sana, Bibi."

"Basi wapelekee. Ila wanisomee ule mstari wa mwisho. Nimeshazeeka, Pasko. Nikienda huko alipo nitamwambia nini? Kwamba sikumaliza kumsikiliza?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kwamba hata bila walimu, mimi mwenyewe nitausoma. Si mnanijua.

Jumatano nikaipeleka barua dukani kutoa kopi ishirini na nne. Mashine ikatoa karatasi nyeupe. Nikaongeza wino, nyeupe. Penseli imefifia, mashine haiioni. Kwa fundi kama mimi hilo si tatizo. Watu wananiletea vyeti vya ubatizo vilivyofifia, nachukua kalamu nyeusi, napita juu ya kila herufi, mashine inaona, mteja anaondoka anacheka. Tunaita kukoleza. Nimekoleza vyeti vya nusu ya tarafa hii na hajarudi hata mmoja kulalamika.

Nikaikoleza barua ya babu. Nilipofika mstari wa mwisho palikuwa na vivuli vivuli tu, kama herufi zinazotaka kutokea. Nikaona siwezi kuwapelekea wageni barua yenye pengo. Nikapajaza. Niliandika, "Nakukumbuka sana mke wangu mpenzi, nitarudi karibuni." Nikaona imekaa vizuri. Kopi zikatoka nyeusi tii.

Na leo ndiyo siku yenyewe.

Mwanzo ilikuwa raha. Walimu waligombania kopi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hakuna aliyechagua katibu. Halafu Madam akasema, kopi ni kopi, tuione yenyewe. Akaiweka mezani, wakaizunguka kama watu wanaoangalia mechi kwenye simu moja.

Mwalimu Gwandu akakohoa, akatoa uamuzi. "Ndugu washiriki, mwandiko huu ni wa wino safi, mweusi. Mkata mkonge angeipata wapi kalamu nzuri hivi? Kwa hiyo huyu mzee hakuwa mkata mkonge. Alikuwa karani."

"Unajuaje?" Madam.

"Kalamu inaonyesha!"

Nusu ya ukumbi wakaandika: karani. Mwingine akaongeza kwamba karani lazima alijua Kiingereza. Mwingine, kwamba basi alikuwa na baiskeli. Ndani ya dakika kumi babu yangu ambaye alikata mkonge kwa panga mpaka alipougua amepewa ofisi, meza na usafiri. Mimi niko pembeni ya projekta, nawaka, na siwezi kusema kitu. Ningesemaje? Kwamba hiyo kalamu ni yangu, na iko mfukoni mwa shati langu hili hapa?

Ndipo akasema Mwalimu Juliana. Huyu ni wa Hirbadaw, siku tatu hajafungua mdomo ila kula andazi. Aliinamisha uso karibu na karatasi, akasema polepole, "Penseli iko chini. Wino umepita juu. Hawa ni watu wawili."

Vichwa vyote vikashuka juu ya karatasi.

"Enhe," Madam akasema, na macho yake yakawaka. "Nani kapita juu? Lini? Kwa nini?"

Jamani. Walimu walichachamaa. Walisahau chai! Mmoja anasema ni katekista. Mwingine anasema msimamizi wa shamba aliifungua barua akabadilisha maneno. Mwalimu Gwandu akapiga meza. "Ni mkoloni!"

"Mwalimu, tulishapata uhuru wakati huo," Madam akasema.

"Basi ni kibaraka wake!"

Nilicheka na wenzangu. Nilicheka sana, mpaka nikajishangaa.

Madam akazima taa, akawasha tochi ya simu, akailaza pembeni ya karatasi ili mwanga upite juu juu. Akatueleza kwamba penseli hata ikifutika, mkono ulioiandika umekandamiza karatasi. Vijishimo vinabaki. Akaigeuza barua nyuma, ambako mimi niliona pako wazi, kwa hiyo sikupagusa. Na pale, kwenye mwanga ule wa ubavu, yakatokea maneno. Walimu wakayasoma kwa pamoja, herufi kwa herufi, kama darasa la kwanza:

"Ndama mwekundu usimuuze hata wakikusumbua."

Ilikuwa kama mtu ameingia ukumbini.

Makofi hayakupigwa ya mvua wala ya jua. Hakuna aliyepiga. Mwalimu Gwandu alivua kofia.

Kisha Madam akaigeuza tena, akalaza mwanga kwenye mstari wa mwisho. Akaangalia sana. Akasogeza tochi huku, akasogeza kule. Akapapasa kwa ncha ya kidole.

"Hapa aliyekoleza amekandamiza mno," akasema. "Hapa penseli ilishafutika, vilibaki vijishimo peke yake, naye amevisaga na kalamu. Mstari huu si wa mzee. Angeuacha tu ulivyo, leo tungeusoma."

Mwalimu Juliana akaniangalia mimi. Si uso. Mfuko wa shati.

Ningependa angesema kitu.

Baada ya hapo ndiyo wakanishukuru, nikapigiwa yale makofi niliyowatambia hapo juu. Mwalimu Gwandu akanishika mkono akasema, "Kijana, nyumbani kwenu kuna hazina." Nikamjibu, "Unajuaje, Mwalimu?" Watu wakacheka. Nilivyokuwa nafunga waya za projekta niliwalaumu wote moyoni. Madam na tochi yake, kwa nini hakuileta Jumanne? Walimu na ukarani wao. Mashine yangu isiyoona penseli. Katekista, mtu wa Mungu, ambaye hakuwaza kuinamisha karatasi juani.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja. Bibi alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, amejifunika kanga ya kwendea kanisani. Siku ya Alhamisi. Kopo lipo mapajani, wazi.

"Wamesoma?"

Nikaanza na ule wa nyuma. Nilipofika kwenye ndama mwekundu, Bibi alicheka mpaka akashika magoti. "Huyo ndiye! Huyo ndiye mwenyewe! Shemeji zangu walimtaka sana yule ndama, na mimi nikamuuza." Akafuta macho. Akakaa sawa. "Haya. Sasa wa mwisho."

Nilikuwa na muda wa kusema. Jogoo alipita, nikamwangalia mpaka alipomaliza kupita.

Nikasoma, "Nakukumbuka sana mke wangu mpenzi, nitarudi karibuni."

Bibi alinyoosha mkono. Aliichukua barua, akapitisha kidole gumba pale chini, taratibu, kama Madam alivyofanya.

"Umejuaje?" akaniuliza.

"Imeandikwa, Bibi."

"Babu yako hakuwahi kuniita hivyo. Hata siku moja."

"Labda kule mbali alibadilika."

"Labda," akasema. Akafunika kopo, akaingia nalo ndani. Barua akaniachia mkononi.

Ninayo hapa mezani naandika haya. Nimewacheka walimu siku tatu kwa kutaka jibu hata pale ambapo hakuna. Wao walilitaka tu. Mimi nililitunga, nikaliandika kwa wino, nikamsomea bibi yangu usoni.

Mstari wa babu ulikuwepo mpaka jana mchana. Niliumaliza mimi.