Nilivyohesabu mbele ya darasa

Zena, muvuvi anayekuletea karatasi hii anangoja. Soma halafu uichome.

Wamemupiga Mwalimu Nasoro. Wamemupiga kwa sababu yangu!

Unajua alikuwa ananifundisha Kiingereza kwa siri. Alisema vita ikiisha Waingereza watatafuta walimu, nami niwe tayari. Leo, nikimusaidia darasani kama kila siku, nikajaribu kukifundisha. Niliwapa watoto salamu moja ya Kiingereza. Moja tu, Zena!

Nikasahau kwamba watoto wa hapa Rumonge humusalimia kila mupita njia. Akapita Bwana Mudachi, yule mukubwa wa Wajerumani, na askari wake. Darasa zima likasimama, likamusalimia kwa Kiingereza.

“Nani amewafundisha lugha ya adui?”

Nilifungua kinywa. Nasoro akanitangulia: “Ni mimi, Bwana.”

Viboko ishirini na tano, ile hamsa ishirini yao, palepale uwanjani. Bwana akaniamuru nihesabu kwa Kijerumani. Nikahesabu. Vyote, Zena, nilivihesabu vyote! Na watoto, kama nilivyowazoesha katika somo la hesabu, wakaitikia kila namba nyuma yangu.

Wakati wa kuondoka, Bwana akanishika bega. Akasema ninatamka vizuri, na kuanzia kesho darasa la Nasoro ni langu.