Baba, Nimefundisha Ile Asili Yako

Baba,

Keti vizuri huko uliko. Nimepata kazi! Nitafundisha kemia kwenye sekondari moja hapa Kitengela, na nimeipata kwa lile kosa lako. Nacheka, mara nalia, halafu nacheka tena.

Unakumbuka nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, ukaniuliza tunasoma nini, nikakujibu tunasoma makundi ya "acyl"? Wewe ukasikia "asili". Ukaenda sokoni Kajiado kutangaza kwamba binti yako anasomea asili za watu. Mzee mmoja akafunga safari kutoka Oltepesi, akataka nimwambie kama msichana anayetakwa na mwanawe ni wa ukoo wao, maana kama ni dada yake hakuna harusi. Nilitamani ardhi inimeze. Nawe, badala ya kuniokoa, ukamwambia bila hata kutabasamu: "Mpee muda. Huyu hajafika kwa mambo ya ukoo, bado wako kwa kaboni."

Tangu tukuzike nimekuwa nikiuza dawa za kupe kwenye agroveti, lile duka la dawa za mifugo. Mvua imenyesha, ng'ombe wameshiba, na kaka anachunga vizuri kuliko ulivyodhani. Lakini ualimu ulikuwa umenikataa kila mahali. Nilijiambia kwamba shule hii nayo ikinikataa, vyeti vinaenda chini ya godoro na sivitoi tena.

Leo asubuhi wakaniingiza Kidato cha Tatu niwafundishe, naibu wa mwalimu mkuu ameketi nyuma kunipima. Nikaibana chaki hadi ikakatika. Nikafungua kinywa kusema "acyl", ikatoka "asili". Darasa zima likaangua kicheko.

Hapo nikakukumbuka wewe, Baba, na woga ukaniisha. Nikawaambia, haya, tuiite asili. Chukueni asidi ya siki, ikateni ule mkia wake wa oksijeni na hidrojeni. Kinachobaki ndiyo asili. Ni kaboni yenye mikono minne: miwili imeikamata oksijeni, mmoja umeshika wenzake wa nyuma, na mmoja uko wazi unatafuta wa kushika. Ikishika klorini inakuwa kali, hata maji haiyavumilii. Ikipokelewa na alkoholi inanukia. Inahama boma hadi boma, lakini yenyewe ni ile ile.

Kisha nikaipasha moto asidi hiyo pamoja na alkoholi na matone machache ya asidi kali, nikaimimina kwenye maji. Harufu ikapanda. Msichana wa dawati la mbele akaruka: "Mwalimu, hii iko na harufu ya kyuteksi!" Wote wakataka kunusa kama ni rangi ya kucha kweli. Naibu naye aliacha kalamu yake, akaja mbele, akanusa mara mbili! Kabla sijafuta ubao alikuwa ameshaniuliza kama ninaweza kuanza Jumatatu.

Nilifurahi mno, Baba. Naona haya kukuandikia kwa furaha hivi, kaburi lako hata halijaota nyasi. Lakini ningemwambia nani kwanza? Na uchungu bado upo. Leo umesogea kando kidogo tu, umenipisha.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Tangu uondoke, Mama hapendi kuitwa. Watu wakimpigia kelele kutoka langoni, anaingia ndani na kufunga mlango. Leo jirani akapita akamwita kwa cheo changu, "Mama Mwalimu!" Mama akageukia mlango. Nikajua anaingia ndani. Akasimama, akajifuta mikono kwenye leso, akaitika kwa sauti mpaka mbwa wakabweka.

Nakuahidi nitafundisha hadi jina hilo limzoee, lisimtoke. Sasa nainamisha kichwa uniguse utosini, kama kila mara nilipokuaga.

Olesere, kwaheri, Baba Mwalimu.